Jibu la Mwanamfalme

Nikutegee kimoja kabla hatujaingia ndani. Anakaa chumba chenye unyevu, na mlangoni kwake wamesimama walinzi weupe safu mbili, juu na chini. Akitoka ovyo, nyumba ya mtu inavunjika. Akikataa kutoka, inavunjika vilevile. Ni nani huyo?

Usihangaike kunipa mji, sina pa kuuweka. Ni ulimi. Na Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, ulimi mmoja ulikuwa unazungumza kwenye televisheni ya saluni huku mwenye saluni amesimama chini yake, hajui bado kinachomjia.

Mwenye saluni waliishia kumwita Msusi, kwa kazi yake. Kichwa kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa cha Mwalimu, mwanamke wa makamo asiyeweza kuona kosa akalipita. Upande mmoja wa kichwa hicho ulikuwa umesukwa mistari, na ule mwingine nywele zimesimama wima kama zimeona nyoka. Pembeni alikaa Mama Pacha, rola tele kichwani, chini ya mashine ya kukaushia nywele. Kwa kuwa mashine ilimvumia masikioni, kila neno alilitoa kwa kupayuka.

"ONGEZENI SAUTI! MALKIA AMEINGIA!"

"Malkia unamwona kwa macho, si kwa masikio," Mwalimu akasema. "Tulia, uungue kwa utaratibu."

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya jumba la kifalme la Uingereza. Watu wake wa kutungwa, mambo yake ya kutungwa, lakini wanawake wa mtaa ule waliyabeba kama ya shemeji zao. Mwanamfalme alikuwa amempenda binti wa mtunza bustani. Malkia, mama yake, hamtaki. Wiki saba sasa hamtaki, na wiki saba saluni ilikuwa inajaa saa tisa na kumwagika saa kumi.

Na Waingereza wale wote walizungumza Kiswahili kwa kinywa cha mtu mmoja, mfasiri wa tamthilia. Malkia alimsemea puani. Mwanamfalme alimpa sauti nzito, ya chini, inayotembea polepole. Binti alimlegezea sauti. Hata mbwa wa jumbani akibweka, ni yeye. Mtaani walimwita Sauti, na kwa Msusi alikuwa mchumba.

Alikuwa. Au bado ni. Hilo ndilo Msusi alilokuwa halijui. Wiki mbili hawajaonana. Wiki mbili simu yake inaleta ujumbe wa maneno mawili, "Umekula, mpenzi?" na yeye anajibu neno moja, "Nimekula," hata siku ambazo hajala. Lakini Jumamosi ikifika, sauti ile ya mwanamfalme ikianza kutembea ukutani, shingo yake ilimsisimka nyuma, pale pale Sauti alipozoea kuweka mkono wakivuka barabara. Alijichukia kwa hilo, na akaendelea kuisikiliza.

Kwenye televisheni Malkia alikaa kitini, akashusha kidevu.

"Siwezi," Malkia akasema puani, "kumpa mwanangu sahani iliyokwisha kuliwa."

Mwalimu akakunja uso. "Sahani? Sahani gani tena? Huyu binti si hajawahi kuolewa? Juzi tu baba yake anaapa kwamba hata mkono hajashikwa!"

"LABDA ALIOLEWA KISIRISIRI!"

"Na nani, Mama Pacha? Na toroli la maua?"

Wakacheka. Vidole vya Msusi vilisimama katikati ya msuko.

Sahani ile aliijua. Ilitoka kwenye sebule yenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, Jumapili ya wiki mbili nyuma. Aliyeitoa alikuwa mama yake Sauti, mkunga mstaafu, ambaye tangu enzi za wodini watu humwita Metroni. Msusi aliwahi kuolewa. Aliolewa akiwa na miaka ishirini, ndoa ikadumu miezi kumi na mmoja, akarudi kwao na begi moja. Msusi alimwambia Sauti siku ya kwanza kabisa, hakumficha. Metroni aliambiwa na watu. Basi Jumapili hiyo Msusi amekwenda kutambulishwa, amevaa gauni la kushona, amekaa magoti pamoja, Metroni akatazama ukuta na kusema yale maneno. Neno kwa neno. Na Sauti akakoroga chai. Alikoroga, akakoroga, sukari imeyeyuka zamani, kijiko kinagonga kikombe, ngi, ngi, ngi, mpaka Msusi akainuka akaaga.

"KIMYA! BINTI ANASEMA!" Mama Pacha akapayuka.

Kwenye televisheni binti wa mtunza bustani alikuwa amesimama kwenye ngazi za jumba, machozi yamemjaa.

"Sikuombi unipiganie," binti akasema. "Nakuomba unitaje tu. Ukiwa peke yako na mimi, mimi ni roho yako. Ukisimama mbele ya mama yako, mimi ni nani?"

Kitana kilimponyoka Msusi, kikaanguka begani kwa Mwalimu. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema kwenye ngazi za nyumba ya Metroni, ngazi sita za saruji, mbele ya mtu mmoja tu. Mtu huyo hakumjibu. Alisema, "Nipe muda."

Mama Pacha alicheka mpaka rola zikagongana. "ETI UNITAJE! MTU MZIMA ANAOMBA KUTAJWA KAMA MGONJWA KWENYE FOLENI!"

"Kama mtoro kwenye daftari la mahudhurio," Mwalimu akaongeza. "Mimi ningekuwa yeye ningekwisha kuondoka. Hana hata aibu. Ila kusema kweli, ameniuma hapa." Akajigusa kifua.

Msusi alisikia masikio yake yanawaka. Maneno aliyoyalilia usiku kucha, leo mtaa mzima unayapima kama vitambaa vya mtumba.

Halafu mwanamfalme akajibu. Ile sauti nzito ikatembea ukutani, tamu kama nini:

"Mama, wewe ndiko nilikotoka. Huyu ndiko ninakokwenda. Usinisimamishe njiani."

Mwalimu akapiga kofi. Kisha akainama mbele. "Subiri. Subiri kwanza. Mbona anasema huku anakunywa?"

Kweli. Mwanamfalme alikuwa ameinua glasi, midomo imebana kwenye ukingo wake, koromeo linapanda na kushuka. Na maneno yanatoka.

"ANAONGEA NA PUA!"

"Hajaongea," Msusi akasema. "Hajaongea kabisa huyo."

"Unasemaje?"

Msusi alifuta mikono kwenye aproni. "Mwalimu, naomba dakika ishirini."

"Unaniacha na kichwa nusu? Unakwenda wapi?"

"Kumfuata mwizi wangu."

Mwalimu alimtazama machoni, akatazama televisheni, akamtazama tena, na pale pale akaelewa mambo mengi kwa mpigo. "Nenda," akasema taratibu. "Nusu hii itakungoja. Nenda mwanangu, na usirudi umenyamaza."

Studio ya Sauti ilikuwa mitaa miwili tu, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Msusi hakukumbuka baadaye kama alisalimiwa njiani. Alisukuma mlango. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya kuzuia kelele, kompyuta moja, kipaza sauti kimoja. Sauti alikuwa amempa mgongo, hedifoni masikioni, shati limemshika mgongoni kwa jasho, anasema puani: "Ondoeni maua yote ya binti yule bustanini!" Alikuwa amepungua. Shingo imemtoka. Kwa nukta moja Msusi alitaka kumkumbatia, na ile nukta ikamwongezea hasira.

Alichomoa waya ukutani.

Sauti akageuka. Alipomwona, uso ulimkunjuka kama mtu aliyefunguliwa mlango. "Umekuja! Umeiona? Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Nilijua utasikia. Saa tisa lazima uko pale. Nikasema, nikishindwa kumwambia, ata..."

"Mimi nilikuwa nalia kwenye zile ngazi," Msusi akamkatiza. "Nalia. Wewe ulikuwa unakariri?"

"Sivyo, mpenzi."

"Ni vipi basi? Hukuacha hata neno moja! Umeyatoa kifuani kwangu, ukamvika Mzungu wa watu, ukayapeleka saluni kwangu. Kwangu, Sauti! Mama Pacha ananicheka niko kando yake na sijui niweke wapi uso!"

"Hawakujua kama ni wewe."

"Mimi nilijua."

Sauti alivua hedifoni, akazishika kwa mikono miwili. "Nilitaka upate jibu. Wiki mbili jibu liko hapa, kila nikishika simu linakwama. Nilipomwona yule kijana mbele ya mama yake, likatoka lenyewe. Ilikuwa sauti yangu ile. Nilikuwa nakuambia wewe."

"Uliniambia mimi kwa mdomo wa mtu mwingine. Na mdomo wenyewe ulikuwa kwenye glasi!" Alipiga hatua mbele. "Jibu zuri, sikatai. Tamu. Mwalimu alipiga kofi. Sasa niende naye huyo mwanamfalme? Ndiye atakayekuja kwetu? Nimwambie mama yangu nimepata mume, ila anapatikana Jumamosi tu, saa tisa mpaka saa kumi?"

Sauti alizungusha waya wa hedifoni kidoleni.

"Na kwenye picha yenyewe," Msusi akauliza kwa sauti ya chini, "kwa Kiingereza chao, alisema nini?"

Sauti aliitazama kompyuta iliyozimika.

"Nimekuuliza."

"Hakusema kitu," Sauti akajibu. "Alikunywa. Basi."

"Na binti?"

"Alivua pete. Aliiweka kwenye ngazi. Wiki ijayo hayumo."

"Hayumo?"

"Ameondoka. Sehemu nzima hayumo. Sijui nitawaambia nini watu."

Msusi alicheka, kicheko kikavu, cha kuumiza koo. "Kwa hiyo yeye alijua la kufanya. Ni wewe uliyemzuia."

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu hata trei moja ya mayai ikabanduka ukutani. Metroni aliingia, mkoba umening'inia kwenye kiwiko, amenyooka kama yuko kwenye mzunguko wa wodi. Miaka thelathini alipokea watoto wa watu kwa mikono yake, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka. Leo uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Uko wapi wewe?" akamwambia mwanawe. "Uko wapi, nikutazame vizuri!"

Msusi akapiga goti kidogo, kwa mazoea ya malezi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikujua kama na wewe uko hapa, lakini ningepaswa kujua." Akamgeukia Sauti. "Nimekaa na wenzangu wanne, wauguzi wenzangu, nimewaandalia vitafunio. Tunatazama. Natamba: huyo ni mwanangu, huyo ni mwanangu. Mara Malkia anasema sahani iliyokwisha kuliwa. Wote wanne wakanigeukia. Wanne! Maana hilo neno mimi nalisema tangu wodini, hakuna asiyelijua. Mmoja akaniuliza, Metroni, taji lako umeliacha wapi?"

"Mama, nilikuwa..."

"Umenivika taji ili watu wanizomee? Mimi niliyekulea peke yangu, nakesha zamu za usiku ili ule, leo ni kizee cha Uingereza chenye roho mbaya?"

"Hujasema uongo, mama," Msusi akasema.

Metroni akageuka polepole. "Umenijibu?"

"Nimekubaliana nawe. Ameyachukua maneno yako bila ruhusa, ameyachukua na yangu. Wewe wamekucheka wanne, mimi wamenicheka saluni nzima. Tumeibiwa siku moja na mtu mmoja." Akamtazama machoni. "Ila yangu sikuona haya kuyasema. Yako, kama yanakutia aibu yakisemwa na Malkia, basi siku ile sebuleni yalinifanyaje mimi?"

Hasira ya Metroni ilizidi. Alifungua mkoba, akaufunga. Alikuwa mama mzee aliyekuja mbio kwa miguu akiwa na hasira, anapumua kwa shida, na Msusi, pamoja na yote, alijikuta anamsogezea kiti. Metroni alikitazama kile kiti. Hakukikalia.

"Sijazoea kufundishwa na msichana wa saluni," akasema.

"Sijakufundisha. Nimekuuliza."

"Na mimi nakwambia, mwanangu hana ubaya. Ana adabu. Hajawahi kunijibu tangu alipozaliwa."

"Ndiyo," Msusi akasema. "Nimemwona akinyamaza. Anakoroga chai vizuri sana."

Alichomeka waya ukutani, kompyuta ikawaka tena. Akakung'uta vipande vya nywele za Mwalimu kwenye aproni yake. Hakuwa analia. Machozi yaliisha kwenye zile ngazi. Alimtazama Sauti mara moja, kwa muda mrefu, yale macho yaliyomzoesha vibaya, ile midomo inayoweza kumsemea malkia, mtumishi, mbwa na mwanamfalme. Sauti naye alimtazama, na Msusi aliona anavyozama.

"Kuna kichwa kinaningoja," akasema. "Kazi njema, Sauti. Wiki ijayo waambie tu kwamba binti amesafiri. Wataamini."

Akashika kitasa.

"Mwache aende," Metroni akasema haraka. "Mwache. Tena bora. Sisi tuna mambo yetu ya kuzungumza."

Sauti alipiga hatua. Kisha, kwa mazoea ya miaka, mkono wake ukaenda kwenye kipaza sauti, kifua kikajaa, na ile sauti nzito ikaanza kutembea chumbani: "Mama, wewe ndiko nili..."

"Usithubutu!" Msusi aligeuka kama amechomwa. "Usithubutu kunisemesha kwa hiyo! Huyo simjui! Ukimwita tena huyo mtu humu ndani, naapa hutaniona!"

Sauti akaachia kipaza sauti. Mkono ukashuka. Uso wake ulibadilika rangi, mara ukajaa damu, na Msusi aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwake miaka miwili yote: alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika mpaka kidevu kinamcheza, na hasira yenyewe haikumwelekea yeye.

Metroni aliiona pia. Ikamtisha, na kwa kutishika akaongeza ukali.

"Huyu ni nani kwako?" akafoka, kidole kimenyooka kwa Msusi. "Niambie leo! Ni nani, mpaka umemvunjia heshima mama yako mbele ya watu? Ni nani?"

Nje, mtu wa duka la vifaa vya shule alikuwa anaburuta maboksi. Msusi alisikia kila boksi. Hakuachia kitasa.

Sauti alisogeza kipaza sauti pembeni kabisa, kikapiga ukuta. Akamkabili mama yake. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ile nyembamba ya kawaida, ambayo hakuna mtu angemlipa aitumie, na ilikuwa inatetemeka.

"Ni mwanamke ninayemuoa, Mama," akasema. "Kama bado ananitaka, maana nimemkosea kuliko ulivyomkosea wewe. Aliolewa, akaachika, nilijua kabla yako, na ile sahani usiitaje tena mbele yangu. Siku ya ndoa nitakuwekea kiti cha mbele. Usipokuja nitakiacha wazi hapo hapo mbele, na watu wakiuliza nitawaambia ni cha mama yangu. Lakini umeniuliza ni nani. Huyu ni mke wangu."